Basi la umeme likigoma: dalili, chanzo, na pa kuanzia kabla hujailaumu betri

Lancaster na Palmdale, kaskazini mwa kaunti ya Los Angeles huko California, ni miji ya jangwa la Mojave. Kiangazi joto hupita 40°C, usiku wa baridi hushuka chini ya sifuri, na vumbi halikosekani. Shirika la mabasi la eneo hilo, Antelope Valley Transit Authority, liliamua mwaka 2016 kuachana na dizeli, na Machi 2022 likatangaza kuwa mabasi yake yote ni ya umeme, la kwanza kufika hapo Amerika Kaskazini. Lina mabasi ya mjini ya BYD yaliyoundwa Lancaster kwenyewe na makochi ya MCI yanayowapeleka wafanyakazi Los Angeles. Usiku yanachajiwa yadini kwa plagi, na mchana baadhi yake huongezewa chaji kwenye vituo vikuu kwa pedi za kuchaji bila waya za kilowati 250 zilizofukiwa ardhini. Mazingira hayo ndiyo yaliyochukuliwa hapa kama kipimo, maana yana karibu kila kitu kinacholisumbua basi la umeme.

Mwongozo ni wa fundi wa zamu, msimamizi wa yadi na mpanga ratiba. Unaanza na kinachoonekana, kisha unashuka hadi chanzo. Betri kubwa haikuwekwa mwanzoni kwa makusudi: ndiyo hulaumiwa kwanza, ndiyo ghali kuliko kifaa kingine chochote ndani ya basi, na mara nyingi haina kosa.

Kabla ya kufungua kifuniko

Nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti mia kadhaa za DC (umeme wa mkondo mmoja). Mtu asiye na mafunzo ya volti kubwa aishie kwenye ukaguzi wa macho, skrini na mfumo wa volti 24. Mwenye mafunzo: zima basi, chomoa chaja, vuta swichi ya kutenganisha betri uifunge kwa kufuli lako mwenyewe, halafu subiri muda uliotajwa na mtengenezaji ili kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, ziishiwe umeme. Dakika 5 hadi 10 ndizo za kawaida. Glavu ziwe za daraja 0 zenye ngozi juu yake. Zipulize na kuzikunja ili uone kama zinavuja, na kumbuka kwamba zinapaswa kurudi maabara kila miezi 6 hata kama zinaonekana mpya.

Mita ipimwe kwanza kwenye umeme unaojulikana, kisha kwenye basi, kisha irudishwe kwenye umeme ule ule. Hatua hiyo ya tatu hurukwa sana, na ndiyo inayokuhakikishia kwamba sifuri uliyoiona haikutokana na mita mbovu. Chini ya volti 60 za DC, endelea.

Limechomekwa usiku kucha, asubuhi lina 40%

Usianze na mita. Hamishia basi kwenye chaja nyingine, na kwenye chaja ile lete basi jingine lililo zima. Tatizo likilifuata basi, hangaika na basi. Likibaki pale pale, hangaika na chaja. Robo saa hiyo huokoa siku nzima ya mafundi wa pande mbili kurushiana mpira.

Kisha fungua rekodi ya chaja ya usiku ule uangalie mchoro wa kilowati. Kuna maumbo matatu tu ya maana.

Kama mstari haukuinuka kabisa, chaja na basi havikusikilizana. Kwa plagi za CCS (aina ya kawaida ya plagi za kuchaji kwa DC), mazungumzo hupita kwenye pini mbili ndogo za juu pamoja na pini ya ethi. Chaja ikiwa imewashwa na plagi haijachomekwa popote, kati ya pini ya mawasiliano na ethi unapaswa kukuta volti 12. Ukikosa, kebo imekatika ndani au kadi ya chaja imekufa. Pini ya pili hulieleza basi kuwa plagi imekaa: kwenye plagi ya Amerika Kaskazini, chaja ikiwa imezimwa, pima ukinzani kati yake na ethi. Bila kubonyeza kitufe cha kishikio upate karibu omu 150, ukibonyeza karibu omu 480. Ukipata 480 bila kubonyeza, kitufe kimekwama, na basi litaendelea kuamini kwamba kuna mtu anataka kuchomoa. Vumbi na mchanga mwembamba ndani ya kitufe hufanya hivyo hivyo, na brashi kavu hutosha kuyaondoa. Usipulizie mafuta ya kulainisha ndani ya plagi, yatakusanya vumbi zaidi. Plagi za CCS2, zilizozoeleka Ulaya, hazina kitufe hicho. Hufungwa na pini ya mota iliyo kwenye soketi ya gari, kwa hiyo kule angalia kama pini hiyo inatoka yote.

Kama mstari uliinuka kisha ukakatika, angalia ulikatika lini. Ukikatika ndani ya dakika moja ya kwanza, chaja imepima insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja) na kukataa. Ruka hadi sehemu ya umeme kuvuja. Ukikatika baada ya dakika 20 au 40, karibu kila mara ni joto la pini. Pini za DC zina vipima joto, na chaja hupunguza ampea au kusimama kabla pini hazijafika 90°C. Chomoa, mulika kwa tochi ndani ya soketi ya basi. Pini nzima hung'aa sawasawa mzunguko wote. Pini inayochoka ina alama nyeusi upande mmoja, mara nyingi upande wa chini, kwa sababu kebo nzito iliachwa ining'inie bila kushikiliwa na uzito wote ukaangukia soketi. Kubadilisha soketi peke yake ni kazi bure kama plagi iliyoichoma bado inazunguka kwenye mabasi mengine. Zibadilishe zote mbili, na weka ndoano ya kubebea kebo.

Kama mstari ulikwenda usiku kucha lakini chini, kosa liko kwenye hesabu. Tuseme basi linahitaji kWh (kilowati-saa) 250 na chaja ni ya kilowati 80: ni saa 3 na zaidi kidogo, ukiongeza upotevu na kupungua kwa kasi mwishoni. Basi likiingia saa 5:30 usiku na kutoka saa 10:30 alfajiri, saa 5 zinatosha. Lakini programu ya kugawa umeme ikilipatia basi kilowati 40 kwa sababu jirani naye amechomekwa, saa 5 zinaleta kWh 200, na hesabu imeshakataa. Hapo badilisha mpangilio: basi linalotoka mapema lipewe kipaumbele, linalotoka saa 2 asubuhi lingoje.

Asubuhi halijibu kabisa, na betri kubwa imejaa

Basi la umeme haliwezi kuamka bila betri zake ndogo mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24. Ndizo zinazowasha kompyuta na kuvuta kontakta za betri kubwa (swichi zinazoiunganisha na basi). Pima baada ya basi kupumzika: volti 25.4 ni betri iliyojaa, 24.4 ni karibu nusu, chini ya 24 imekwisha. Kisha basi likiwaka pima tena. Kigeuzi cha umeme, kile kinachoshusha volti kubwa kuwa 24, kinapaswa kutoa kati ya 27 na 28.5. Ukikuta 25 na inashuka taratibu, kigeuzi hakifanyi kazi, na betri mpya utakayoweka leo itakufa kesho.

Likifa kila Jumatatu tu, kuna kitu kinakunywa umeme wikendi. Funga basi, ngoja nusu saa kompyuta zilale, kisha weka mita ya kubana kwenye waya hasi. Ampea 3 zinaonekana kidogo, lakini kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60, yaani ampea-saa 180, na hapo betri ya ukubwa wa 200 imekauka. Toa fyuzi moja moja. Mara nyingi kitu hicho hutakikuta kwenye mfumo wa basi lenyewe. Utakikuta kwenye vilivyoongezwa baadaye: kamera, mashine ya nauli, redio, kibao cha njia, vilivyounganishwa moja kwa moja na betri na mtu aliyekuwa na haraka.

Hali nyingine: skrini inawaka, unasikia mlio wa kontakta, kisha kila kitu kinaachia. Mpangilio wa kawaida ni kontakta hasi kwanza, halafu kontakta ndogo yenye rizista inayojaza kapasita za inveta pole pole, na volti zikikaribia za betri ndipo kontakta chanya hufunga. Zisipofika kwa wakati, kompyuta hukatiza. Ama rizista imekatika, ama kuna mzigo, kwa mfano hita ambayo relei yake imeganda, unaonyonya umeme wakati huo huo. Usijaribu zaidi ya mara 2 au 3 mfululizo. Rizista ile haikuundwa kwa kazi hiyo, utaiunguza nawe uongeze tatizo la pili.

Na kama kontakta hazilii hata kidogo mara tu baada ya matengenezo, tafuta plagi ya chungwa ambayo haikukaa vizuri. Kuna waya mwembamba unaopita kwenye kila plagi na kifuniko cha volti kubwa. Mahali pamoja pakiwa wazi, basi zima linakataa. Uliza ni kifuniko gani kilifunguliwa mwisho, uanzie hapo.

Chaji inaisha kabla ya zamu

Dereva husema "betri imechoka". Kabla ya kukubali, piga hesabu. Chukua basi la mita 12 lenye betri ya kWh 320, na tuseme mnatumia 80% yake, yaani 256. Likitumia kWh 1.1 kwa kilomita bila kiyoyozi, linaenda kama kilomita 233. Washa kiyoyozi kinachokula wastani wa kilowati 10. Kwenye njia ya wastani wa kilomita 25 kwa saa, hiyo inaongeza kWh 0.4 kwa kila kilomita, na mwendo unashuka hadi 171. Njia hiyo hiyo ikiwa na foleni na wastani ukawa 15 kwa saa, kiyoyozi kinaongeza 0.67, na unabaki na kilomita 145. Betri ni ile ile. Kiyoyozi kinakula kwa saa na ratiba imepangwa kwa kilomita. Ugomvi wote wa madereva na mafundi hutoka hapo.

Kwa hiyo linganisha basi na mabasi mengine ya njia ile ile, wiki ile ile. Kama yote yamepungua, ni hali ya hewa au foleni, na dawa iko kwa mpanga ratiba. Kama ni moja tu, angalia kwa utaratibu huu: upepo wa tairi ukilinganisha na kibandiko cha basi, breki inayokwama, ambayo utaijua kwa kupima joto la ringi zote mwisho wa safari, iliyo moto kuliko pacha wake ndiyo yenye kosa, milango inayovuja baridi, halafu dereva. Dereva mzito wa mguu anaweza kukuharibia hesabu kuliko betri yenye umri wa miaka kadhaa. Mpe basi hilo dereva mwingine siku mbili kabla ya kuandika ripoti.

Usisahau vituo vya mwisho. Dakika 10 za kusubiri na kiyoyozi kimewashwa ni kWh 1.7. Mara 12 kwa siku ni kWh 20, karibu kilomita 18 zilizopotea bure.

Kwenye njia zinazotegemea pedi za ardhini, soma muda, usisome kilowati. Pedi ya kilowati 250 kwa dakika 12 hutoa kWh 50 kwa juu kabisa, na kiuhalisia pungufu. Basi likichelewa dakika 6, limepoteza nusu. Likichelewa zaidi, dereva huruka chaji ili awahi ratiba, na jioni linaishia njiani. Kama muda ulikuwepo lakini umeme haukuingia, basi halikusimama juu ya pedi sawasawa: weka alama ya rangi inayoonekana kutoka kiti cha dereva, kwa tairi la mbele na kwa ukingo. Kama limesimama sawa na bado pedi inakataa, ondoa vitu vya chuma juu yake. Hata pakiti ya biskuti yenye karatasi ya fedha inaweza kuizuia, na inafanya hivyo kwa sababu nzuri, maana chuma pale juu huchemka.

Asilimia zinaruka: 38, kisha ghafla 19

Hili lina maelezo yake kwa betri za lithiamu-chuma-fosfati, aina inayotumiwa na BYD. Volti ya seli hukaa karibu palepale, 3.2 hadi 3.3, kuanzia imejaa kwa sehemu kubwa hadi inakaribia kuisha. Kompyuta haiwezi kukisia kiasi kilichobaki kwa kusoma volti, kwa hiyo huhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo hujilimbikiza. Basi linaloongezewa chaji kidogo kidogo kutwa bila kufika 100% hupotea hesabu haraka zaidi.

Dawa: mara moja kwa wiki liache lijae hadi mwisho, na likishafika 100% liache limechomekwa saa nyingine moja au mbili ili seli zisawazishwe. Rudia usiku 2 au 3. Ikishindikana, omba orodha ya volti za seli kutoka kwenye kompyuta ya betri, isomwe chaji ikiwa chini. Seli moja au kundi moja likianguka mapema kuliko mengine yote, sasa ndiyo unaweza kuilaumu betri, na una karatasi ya kumwonyesha mtengenezaji wakati wa kudai dhamana.

Taa ya umeme kuvuja kwenye bodi

Hii haina mjadala: basi linatoka barabarani. Kipimo kinachotumika sana ni ukinzani kati ya volti kubwa na bodi ya basi usiopungua omu 100 kwa kila volti kwa upande wa DC na omu 500 kwa volti pale panapohusika AC (umeme wa mkondo geu). Mfumo wa volti 600 wenye mzunguko wa AC uliounganishwa nao unatakiwa usishuke chini ya kiloomu 300.

Tafuta kwa kuuliza inatokea *lini*. Ikitokea baada ya mvua au baada ya kuoshwa, nenda kwenye soketi ya chaja na vifaa vya paani. Ikitokea hita ikiwashwa tu, hita. Ikitokea basi likitembea tu na kutulia likisimama, kebo za mota zinazosuguliwa na fremu. Isiyo na mpangilio, zima mizigo mmoja mmoja ukiangalia namba kwenye skrini: kiyoyozi, hita, kompresa ya upepo, pampu ya usukani, kigeuzi. Namba itaruka juu ukizima mwenye kosa. Hita za maji zinashukiwa sana. Elementi ikipata ufa mwembamba, maji ya kupozea huingia, na ukifungua plagi yake utakuta unga wa kijani au mweupe kwenye pini. Pima kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500 baada ya kukitenga kifaa kabisa. Ukipiga mega wakati inveta bado imeunganishwa, unaiua.

Na zuieni mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye soketi na plagi za chungwa. Nusu ya kazi hii hutengenezwa na waosha mabasi wasioambiwa.

Nguvu imepungua, chaji inasuasua

Kwenye joto, kompyuta hupunguza nguvu seli zikikaribia kikomo cha mtengenezaji, kwa kawaida karibu 50°C. Anza na rejeta ya mfumo wa kupozea betri na kondensa ya paani. Vumbi la jangwani likichanganyika na mafuta hujenga blanketi ambalo huwezi kuliona kwa mbele; weka tochi nyuma ya mapezi, usipoona mwanga, safisha. Puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Kisha angalia kama pampu inasukuma maji na feni zote zinazunguka. Kiwango cha maji kikishuka, jaza aina iliyoelekezwa tu, maana maji ya bomba yanapitisha umeme na yanaotesha kutu.

Kwenye baridi, betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa chini ya 0°C. Utaona chaja inatoa kilowati chache na asilimia haisogei: ni hita ya betri inafanya kazi yake. Lichomeke basi mara linapoingia, betri ikiwa bado na joto la safari, usisubiri usiku wa manane. Chumba cha abiria nacho kipashwe joto basi likiwa bado kwenye plagi. Wa Nairobi na Kigali wanaweza kuiruka aya hii.

Madereva wanasema breki zimekufa asubuhi

Mguu ukitolewa kwenye pedali, mota hugeuka jenereta na kulipunguza basi mwendo. Betri ikiwa 100% haina pa kuweka umeme huo, kwa hiyo breki ya mota hupungua au haipo kabisa kilomita za kwanza. Breki za upepo ni nzima. Waambie madereva, na siku za kawaida simamisha chaji kwenye 95%, hasa kwa njia zinazoanza na mteremko. Likifanya hivyo kwenye 60%, hapo ni tatizo: angalia kihisi cha pedali na ujumbe wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki). Kwa kuwa breki za kawaida hazitumiki sana, diski na pini zake hukamatwa na kutu kabla pedi za breki hazijaisha. Kagua kwa tarehe, usingoje unene wa pedi.

Kompresa haitulii

Basi lisilo na injini hukuwezesha kusikia unachokosa kwenye dizeli. Jaza upepo hadi kompresa ikate, zima, weka vizuizi kwenye magurudumu, achia breki ya kuegesha. Kwa dakika moja upepo usishuke zaidi ya psi 2 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Ukikanyaga breki, usizidi psi 3. Ikizidi, sabuni kwenye viungo vya mifuko ya upepo na silinda za milango. Ni kosa dogo, lakini kompresa inayozunguka kutwa hukausha betri na kujaza maji kwenye matangi.

Yadi nzima haikuchaji

Mabasi mawili yanaweza kuwa na bahati mbaya usiku mmoja, ishirini hayawezi. Usiguse basi hata moja. Angalia kama kuna umeme kwenye transfoma, kisha kama programu ya kusimamia chaji ina mtandao. Chaja nyingi zikipoteza mtandao hushuka kwenye kiwango kidogo kilichowekwa, na baadhi hukataa kuanza kabisa. Weka kiwango hicho mapema kiwe cha kutosha kutoa mabasi ya alfajiri, na wafundishe walinzi wa zamu namna ya kuanzisha chaja kwa kadi.

Halafu saa. Ratiba za chaji hupangwa kukwepa bei ya juu, ambayo kwa wateja wa Southern California Edison iko kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku. Marekani husogeza saa mara mbili kwa mwaka, Machi na Novemba. Chaja inayosoma saa ya dunia na programu inayosoma saa ya mtaa zikitofautiana kwa saa moja, mabasi yatachelewa kuanza na yatakatishwa mapema, au yataangukia kwenye bei ya juu na bili itasema wiki kadhaa baadaye. Linganisha saa za chaja zote na ya programu siku ile saa zinaposogezwa, si siku bili inapofika.

Kwenye kila taarifa ya hitilafu andika namba ya basi, namba ya chaja, asilimia lilipoingia na lilipotoka, joto la nje, namba ya kosa kama ilivyo kwenye skrini, na kama hitilafu ilijirudia baada ya kubadilisha chaja. Picha ya skrini ni bora kuliko maneno. "Halichaji" peke yake irudishwe kwa aliyeiandika.